Jiwe la Gramu Mia

Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa kitu kwenye chumba cha mizani, mimi hufanya mambo mawili. Kwanza naifuta sahani, nafunga vioo, nasubiri namba zitulie. Sahani ikiwa tupu, mizani lazima isome sifuri. Kisha natoa kwenye kisanduku chake jiwe la gramu mia. Nalishika kwa koleo, si kwa vidole, maana vidole vina jasho na jasho lina uzito. Naliweka. Mizani lazima isome mia. Ikisoma hivyo, naandika kwenye daftari, natia sahihi, nafungua mlango. Isiposoma hivyo hakuna anayepima siku hiyo, hata awe profesa wa maprofesa.

Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na sita. Pale chuoni wananiita Mama Mizani, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu niliwahi kuwafukuza na vikombe vyao vya chai. Nina stashahada moja, ya ufundi wa maabara, niliyoipata nikiwa na mimba ya binti yangu. Binti huyo sasa ana shahada tatu na ofisi ghorofa ya juu, juu kabisa ya chumba changu. Akivuta kiti nasikia.

Sheria ya chumba changu ni fupi. Kila anayepima huandika kwenye daftari tarehe, alichopima, na sahihi yake. Na kila mtu hupima chake mwenyewe. Hupimi cha mwenzako, hupimiwi na mwenzako. Daftari likijaa naliweka kabatini, nafungua jingine. Hakuna aliyewahi kuyaomba yale ya zamani, mpaka mwaka jana.

Mwaka jana ilitangazwa nafasi moja ya mhadhiri mwandamizi. Walioomba ni wawili. Mmoja binti yangu, anayeshughulika na mbegu. Wa pili ni mtu tunayemwita Fukusi. Jina lake halisi limebandikwa mlangoni pake, lakini sidhani kama kuna anayelisoma. Miaka tisa anawafuatilia fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka ghalani. Anajaza nafaka kwenye mitungi ya kioo, anawatia fukusi, anafunga, anasubiri. Kila baada ya siku tatu anakuja kupima mitungi yake thelathini aone nafaka imepungua kiasi gani. Jaribio moja linakula mwaka mzima, kwa sababu mdudu ana mwendo wake na hajui kuna kamati.

Na pale chuoni kuna kanuni: ukifika mwaka wa tisa hujapanda cheo, mkataba wako hauongezwi. Fukusi alikuwa mwaka wa tisa. Kwa binti yangu nafasi ile ilikuwa cheo. Kwa Fukusi ilikuwa kazi yenyewe.

Zamani vyeo vilikwenda kwa sura na kwa nani unakunywa naye chai. Mkuu wa kitivo tuliye naye sasa alipokuja aliapa kulikomesha hilo, akaleta fomu ya alama. Kila makala uliyochapisha, alama tano. Kutajwa kwenye kazi za wengine kuna alama zake, kufundisha kuna zake. Ukijumlisha ukapata sitini, umefuzu. Wakifuzu wengi, mwenye nyingi ndiye. Mkuu alitwambia kwenye kikao kwamba namba hazina shemeji. Nilipiga makofi. Mtu wa mizani atachukia namba?

Matokeo yakabandikwa ubaoni Jumatatu. Binti yangu, mia na themanini na tatu. Fukusi, hamsini na sita. Chini yake maneno madogo: mwombaji yeyote kati ya hawa ana haki ya kupinga matokeo kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Sitasema uongo, nilifurahi. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshawapigia dada zangu wote watatu. Yule mkubwa, ambaye mtoto wake ni daktari na hatuachi tupumue, nilimpigia mara mbili.

Mchana binti akashuka na boksi la karatasi. Mkuu alitaka nakala za makala zake zote ziingie kwenye faili, naye alikuwa na kipindi.

"Mama, nibanie hizi. Wewe ndiye mwenye stepla inayofanya kazi jengo zima."

"Ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Thelathini na moja? Umeandika saa ngapi, na wale watoto wako hawalali?"

Akacheka akakimbilia darasani. Nikakaa nikabana. Mimi nikishika karatasi naisoma, hasa ile sehemu ya katikati wanapoeleza walipima nini, lini, kwa mizani ipi. Mizani ni yangu. Nikafika ya nne nikasimama. Ilikuwa juu ya mizizi. Mizizi ile naikumbuka, ilikuja na udongo ikanichafulia meza. Waliileta vijana wawili wa idara ya jirani. Binti yangu sikumwona. Ya saba vilevile. Ya kumi na moja kulikuwa na majina sita juu, na mmoja wao ni yule tunayemwita Msafiri, ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa pili ng'ambo, anasoma mambo mengine kabisa.

Binti aliporudi nikamwonyesha ya mizizi. "Hii ulipima lini?"

"Hiyo sikupima. Tunawekana."

"Mnawekana vipi?"

"Tuko sita, tuliajiriwa pamoja. Mmoja akiandika anatuweka wote. Leo mimi nakuweka, kesho wewe unaniweka. Mama, kila mtu anafanya hivyo."

"Na fomu inasemaje?"

"Fomu inauliza kama jina lako lipo. Lipo."

Akabeba boksi akaenda. Nikajiambia hiyo ni kazi ya wenye shahada tatu, mimi kazi yangu ni stepla. Lakini kitu kikishaingia kichwani hakitoki kwa sababu umekiambia kitoke.

Jumanne asubuhi Fukusi akaja na kigari chake cha mitungi, kama kawaida, akaanza kupima mmoja mmoja. Nikamwacha afike wa tano.

"Pole," nikamwambia.

"Ya nini tena, mama?"

"Ya ubaoni."

"Aa, ile. Hamsini na sita si mbaya. Shuleni nikipata hamsini na sita ya hesabu nyumbani walikuwa wanaomba waone karatasi, hawaamini."

"Usinitanie. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na mitungi?"

"Mitungi inaisha mwezi wa kumi na moja." Akaandika namba, akashika mtungi mwingine. "Nimewaomba waharakishe. Wanasema wanakula wawezavyo."

"Pinga basi. Una mpaka Ijumaa."

"Nipinge nini? Fomu ni ileile kwa wote. Na aliyenishinda ni binti yako."

"Nimekuuliza habari za binti yangu?"

Akaweka mtungi chini. "Mama, aliyeshindwa akisema mizani ni mbovu, nani anamsikiliza? Wewe mwenyewe husikilizi. Mwaka juzi si nilikuja hapa nikasema mizani yako imekosea, ukaniambia nikapime tena?"

"Na ulipopima tena?"

"Nilikuwa nimekosea mimi."

Tukacheka wote. Akamaliza mitungi yake, akatia sahihi, akasukuma kigari akaenda. Mimi nikabaki nakitazama kile kisanduku cha jiwe. Maana siku ile, kabla sijamjibu kwamba akapime tena, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaipima mizani asubuhi. Ndiyo iliyonipa kiburi cha kumjibu. Hii fomu, nani aliyeipima?

Saa ya mapumziko nikafunga mlango. Nakala mbili tupu za fomu zilibaki kwangu tangu jana, zilikuwa ndani ya boksi la binti. Nikachukua penseli.

Kwanza sifuri. Nilihitaji sahani tupu, mtu ambaye hakufanya chochote kwenye maabara ile. Huyo ninaye: Msafiri. Nikafungua kompyuta ya maabara, nikahesabu makala zilizotoka kwenye vipimo vya mizani yangu katika miaka miwili ambayo yeye hajakanyaga hapa, zenye jina lake. Kumi na mbili. Mara tano, sitini. Debe tupu, na limefuzu.

Kisha jiwe. Nilihitaji mtu ambaye uzito wake haubishaniwi. Huyo naye ninaye, picha yake imetundikwa ukumbini: profesa wa zamani, marehemu, aliyetufundisha wote kukausha nafaka kabla ya kuhifadhi. Namna yake ya kukausha inafundishwa mpaka leo, na watoto wa shule wanaifanya bila kujua ni ya nani. Mimi nilimkuta nikiwa kijana. Alikuwa anaosha chupa zake mwenyewe na anaulizia mtoto wako kwa jina. Orodha ya kazi zake imebandikwa chini ya picha. Makala saba. Kitabu kimoja, ambacho fomu inakipa alama nane. Kufundisha, nikampa zote nne zinazoruhusiwa. Kutajwa, sifuri, maana kompyuta imeanza kuhesabu watu wakitajwa yeye akiwa ameshazikwa.

Arobaini na saba. Profesa wa picha hafai kuwa mhadhiri mwandamizi.

Nikajumlisha tena, kwa kalamu safari hii. Arobaini na saba. Sasa, jiwe la gramu mia likisoma arobaini na saba, mtu wa mizani hasemi jiwe limepungua.

Sina sauti kwenye kamati. Mimi ni fundi tu, na karatasi ya ubaoni ilisema wazi: mwombaji yeyote kati ya hawa. Waombaji ni wawili. Mmoja hatapinga. Akabaki mmoja.

Jumatano jioni binti akaja kwangu kuchukua watoto. Nikawapeleka wajukuu wangu wale wawili barazani na karatasi za kuchora, nikamkalisha mama yao mezani jikoni, nikamwekea fomu zote mbili mbele yake, ya Msafiri na ya marehemu.

Alizisoma haraka. Yeye si mzito wa kuelewa. Akazirudisha.

"Nani amekutuma unipime, mama?"

"Sikukupima wewe. Nimepima fomu."

"Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile. Nilipima sahani tupu na jiwe. Wewe sikukuweka."

Maneno yakamtoka yote pamoja. "Unajua nimezaa wawili humohumo katika hiyo miaka. Mwaka mzima sikuandika hata mstari. Fomu inauliza hilo? Haiulizi. Wenzangu waliniweka kwenye kazi zao nikiwa nimelala kitandani na mtoto kifuani. Niliporudi nikawaweka kwenye zangu. Bila hivyo ningekuwa na nini? Fukusi hana mtoto wa kumfuata shuleni. Anaweza kukaa na mitungi yake mpaka jua lizame."

"Na watoto wako wanafuatwa na nani?"

"Na wewe," akasema, akataka kutabasamu, akakumbuka amekasirika.

"Basi fomu imekuonea na wewe. Nakubali. Ikakuonea, nawe ukaizunguka."

"Sijadanganya mtu. Haikuuliza."

"Sijasema umedanganya. Nasema Fukusi anaondoka mwezi wa sita, mitungi yake inaisha mwezi wa kumi na moja, na anayeweza kusema neno ni wewe peke yako. Nimesema mara moja. Sitasema mara ya pili."

"Wewe? Usiseme mara ya pili?"

"Nijaribu."

Akawaita watoto wakaondoka. Mdogo aliniachia mchoro wa kuku mwenye miguu minne.

Alhamisi sikusema. Kiti kilivutwa juu ya kichwa changu mara nyingi kuliko kawaida, nikasikia anatembea, anakaa, anatembea. Dada yangu mkubwa akapiga simu kuuliza sherehe ni lini. Nikamwambia nina kazi. Sijawahi kumwambia dada yangu nina kazi tangu nizaliwe.

Ijumaa saa mbili na nusu mlango ukagongwa. Binti, amevaa miwani yake ya kusomea, mkononi ana kalamu nyekundu na orodha ya makala zake.

"Nipe madaftari ya miaka sita."

"Ya nini?"

"Si ulisema hutasema mara ya pili? Basi usiulize."

Nikafungua kabati. Akakaa kwenye stuli, akafungua la kwanza, akawa anatafuta sahihi yake ukurasa kwa ukurasa, akiipata anatia alama kwenye orodha. Mimi nikajifanya nafuta vioo. Saa nzima ikapita. Alama zilikuwa chache kuliko alivyotegemea, niliona kwa namna alivyokuwa anarudia kurasa. Mwishowe akapata kazi tisa alizopima mwenyewe kati ya thelathini na moja.

Kisha akainua daftari la mwaka juzi, akalisogeza dirishani.

"Mama. Hii ni sahihi yangu?"

Sikuhitaji kusogea. "Jina ni lako."

"Mwandiko si wangu. Na ni penseli. Mimi sitii sahihi kwa penseli."

"Mdogo alikuwa anaumwa kifua. Ulikuwa hospitali naye. Mbegu zako zilikuwa zinataka kupimwa kila siku."

"Siku kumi na nne," akasema. Alikuwa ameshazihesabu. "Hizi zimeingia kwenye makala mbili kati ya zile tisa."

"Mimi ni mama yako."

"Najua." Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Na Fukusi? Umewahi kumpimia yeye hata siku moja?"

"Hapana."

"Hata mwaka ule mkewe alipolazwa?"

Hapo nikaacha kufuta vioo. Alikuja mlangoni, nakumbuka, saa moja asubuhi, shati halijapigwa pasi. Aliniomba nimpimie mitungi siku chache tu, mpaka mkewe atoke. Nikamwambia sheria ni sheria, kila mtu hupima chake. Akasema sawa mama, akaenda. Siku tisa mitungi haikupimwa. Jaribio likaharibika, akawamwaga fukusi wake, akaanza upya. Mwaka mzima ukaenda na maji.

Mwaka mzima kwake ni makala moja. Makala moja ni alama tano. Hamsini na sita na tano ni sitini na moja.

Nilikaa. Stuli ile moja alikuwa ameikalia yeye, kwa hiyo nilikaa juu ya boksi la chupa. Nyani haoni kundule, waliosema hawakukosea, ila hawakusema inavyouma siku anayekuonyesha ni mtoto uliyemzaa.

"Niyaache haya ya penseli?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulionikera. "Hakuna atakayefungua daftari hili. Nitaandika tisa, basi."

"Andika yote."

"Utaletewa barua, mama. Umeandika jina la mtu mwingine kwenye kumbukumbu ya maabara."

"Si ndivyo nilivyofanya? Andika. Na uandike kwa wino."

Aliandika pale pale, juu ya meza yangu ya mizani, karatasi moja, mbele na nyuma. Saa tano na dakika kumi tukapanda kwa Mkuu, yeye na karatasi, mimi na madaftari.

Mkuu wetu ni mtu wa adabu, anapenda kalamu zake zikae zimepangwa. Akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, akageuza tena.

"Sielewi," akasema. "Wewe ndiye uliyeshinda."

"Ndiyo, Mkuu."

"Fomu ya kupinga haina sehemu ya mshindi."

"Ubao umesema mwombaji yeyote."

Akavuta kikokotoo. "Tuseme nimeondoa zote ambazo hukupima. Zinabaki tisa. Nikaondoa na mbili za..." akanitazama, "za mama. Zinabaki saba. Thelathini na tano. Ongeza kufundisha na kutajwa, ishirini na nane. Sitini na tatu." Akapumua, kama mtu aliyeona njia. "Bado umefuzu. Bado umemshinda. Kwa hiyo tatizo liko wapi?"

Nilidhani binti atayumba. Mimi mwenyewe sikuwa nimepiga hesabu ile.

"Tatizo ni kwamba marehemu wa ukumbini bado amefeli," akasema, akamwekea ile fomu ya penseli mezani. "Mama amempima. Arobaini na saba. Mkuu, siombi mnipunguzie alama. Naomba msihesabu. Msome. Kazi zangu tatu, za Fukusi tatu, bila majina. Tena mtu aseme ipi nzito."

Mkuu akaichukua fomu ya marehemu. Akaihakiki kwa kikokotoo chake, mstari kwa mstari. Mimi na binti tukasimama. Alipomaliza akainuka, akafungua mlango, akaitazama ile picha kule ukumbini kana kwamba anataka kumwomba radhi, akarudi akakaa.

"Alinisimamia mimi shahada ya pili," akasema.

"Nakumbuka," nikasema. "Ulivunja chupa zangu tatu."

"Mbili."

"Zimeandikwa."

Akazipanga kalamu zake upya. Kisha akasema madaftari yabaki kwake, barua ya binti itaingia kamatini saa nane, na mimi nitapata barua yangu Jumatatu. Nikamshukuru. Sikuwa natania.

Barua ya onyo nilipata kweli Jumatatu. Niliibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, palipokuwa na sheria za chumba.

Kamati ilibishana wiki mbili. Mwishowe wakakubali, safari hiyo moja, kazi tatu kwa kila mmoja zipelekwe kwa wasomaji watatu wa vyuo vingine, majina yamefutwa. Majibu yakaja mwezi wa tano. Wote watatu walimweka Fukusi mbele, na nafasi ikawa yake. Mmoja aliandika kwamba ile ya kujaza chombo cha nafaka mpaka juu ili hewa isibaki na fukusi wafe ni kazi ambayo alitamani angeifanya yeye. Kwa binti yangu walisifu moja, ya mbegu zinazolala ardhini miaka mingi kisha zikaota, na wakasema aiendeleze, na kwamba zile mbili nyingine hazikuonyesha kwamba ni mtu huyohuyo. Nilipomsomea hilo alinyang'anya karatasi akaenda kuisoma mwenyewe kwenye ngazi.

Sitasema mambo yakawa asali. Wale wenzake watano waliacha kumweka, na kumsalimia wanamsalimia kwa mbali. Mwaka huu ana makala moja tu. Nafasi nyingine huenda ikatoka mwaka kesho, huenda isitoke, na fomu ya Mkuu bado ipo, ila wameongeza kipengele cha kueleza ulifanya nini na ulikuwa likizo ya uzazi lini. Dada yangu mkubwa aliuliza kwa nini mtoto alikataa cheo. Nikamwambia hakukataa, alikipima. Akasema watoto wa siku hizi. Kwa Fukusi nilikwenda mwenyewe ofisini kwake, nikamwambia habari ya siku zile tisa na ya zile kumi na nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua, mama. Penseli inang'aa ukiinamisha daftari."

Mwezi wa kumi na moja, wiki ya mwisho ya mitungi, mkewe alilazwa tena. Asubuhi ile alisimama mlangoni na kigari chake, hakuomba, alisimama tu. Nilikuwa nimeshapima sifuri, nimeshapima mia.

"Acha hapo," nikamwambia. "Nenda."

"Na sheria?"

"Nimeiandika upya. Soma chini ya barua yangu."

Akasoma, akaenda bila kuaga. Nilipima mitungi thelathini siku ile, na tena baada ya siku tatu, zamu zote mbili alizokosa. Kwenye daftari niliandika kwa wino kazi ni ya nani, na kwenye sahihi nikatia yangu, kubwa, isomeke.

Binti alikuwa kwenye foleni na trei ya mbegu zake, amechelewa kipindi, anahama mguu huu kwenda ule.

"Mama, na mimi si unipimie leo? Sheria si mpya?"

"Mtoto anaumwa?"

"Hapana."

"Basi una mikono. Panga foleni."

Akacheka, akaegemea ukuta, akasubiri zamu yake.